SOMO LETU: VALVU YA TAIRI INAPOVUJA AU KUKWAMA



Somo hili ni la madereva, matanboi, mafundi wa gereji na wote wanaopanda lori au trela asubuhi kwenda shambani na jioni kurudi kambini. Hata kama hujawahi kushika spana maishani mwako, lisome. Tairi linalobeba lori ndilo linalokubeba wewe, na valvu ya tairi hilo ndiyo inayozuia upepo usitoke. Tutaeleza jinsi valvu inavyofanya kazi, jinsi ya kujua inavuja wapi, jinsi ya kuitengeneza, na mambo ya hatari ambayo hayafanywi hata kama msimamizi anapiga kelele. Mwishoni tutazungumza juu ya daftari, na mtaona wenyewe kwa nini daftari limeingia katika somo la valvu.

1. PUNJE YA MCHANGA

Sisi tunaoandika somo hili tulifanya kazi miaka mingi katika gereji ya shamba moja la chai magharibi mwa Uganda. Palikuwa na lori moja ambalo mchana lilipeleka majani mabichi kiwandani na jioni lilirudisha wachumaji kambini. Magurudumu yake ya nyuma yalifungwa mawilimawili, kama malori mengi ya mizigo. Tairi moja la ndani lilikuwa linapungua upepo kila usiku.

Dereva alimwambia msimamizi. Akajibiwa, "Jaza upepo, twende, majani yanaharibika." Kesho yake akasema tena, akajibiwa vilevile. Ikawa kila asubuhi tunavuta mpira wa kompresa, tunajaza, lori linaondoka. Mambo yalikwenda hivyo siku tisa.

Siku ya kumi, kwenye mteremko, tairi la nje likapasuka. La ndani lilikuwa limelegea, kwa hiyo mzigo wote wa upande ule ulilemea la nje. Likapata moto mpaka likashindwa. Lori likaingia mtaroni. Wachumaji walikuwa wamekaa nyuma. Mama mmoja alivunjika mkono na wengine waliumia. Tunashukuru kwamba hakufa mtu.

Tulipofungua lile tairi la ndani hatukukuta msumari. Tyubu haikuwa na tundu. Tulipotoa pini ya valvu tukakuta punje ya mchanga imekaa chini yake, pahali pa kuzibia. Punje moja tu. Mwisho wa mwezi dereva alikatwa mshahara kulipia tairi lililopasuka. Alipolalamika kwamba alisema siku tisa mfululizo, msimamizi alijibu kwamba hakusikia lolote. Dereva alikuwa amesema kwa mdomo, hakuwa na karatasi hata moja.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, na ukuta ulijengwa kwa mshahara wa mtu mmoja na kwa mkono wa mama mchumaji.

2. VALVU NI KITU GANI?

Wengi wetu tunaifahamu valvu ya baiskeli. Baiskeli nyingi za kwetu zina valvu yenye kirija chembamba cha mpira. Ukipiga pampu, upepo unakitanua kirija na kuingia. Ukiacha, kirija kinabana tundu na upepo haurudi. Kirija kikizeeka, baiskeli inalala usiku na upepo, inaamka bila upepo.

Valvu ya gari ni ya namna nyingine. Iliandikishwa Marekani mwaka 1893 kwa jina la Schrader, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni shina, yaani ule mrija unaotokeza kwenye ringi. Katika tairi lenye tyubu, shina limegandishwa na tyubu yenyewe. Katika tairi lisilo na tyubu, shina limefungwa kwenye tundu la ringi: ama ni la mpira lililovutwa likakaza, ama ni la chuma lenye nati na pete ya mpira.

Ya pili ni pini. Hii imo ndani ya shina, imefungwa kwa hesi. Ina springi ndogo, ncha nyembamba inayoonekana ukichungulia mdomoni, na mpira mdogo wa kuzibia. Springi inavuta mpira uzibe. Upepo wa ndani ya tairi nao unausukuma mpira huohuo uzidi kuziba. Kichwa cha pampu kinapobonyeza ncha, mlango unafunguka. Kikiondolewa, mlango unajifunga.

Ya tatu ni kifuniko. Wengi hukidharau, wakakipoteza wiki ya kwanza. Lakini barabara zetu za murram zina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Kifuniko ndicho kinachozuia mchanga usiingie kwenye pini. Kikiwa na mpira ndani yake, huwa pia kizuizi cha pili cha upepo. Ile punje iliyotuletea msiba iliingia katika valvu isiyo na kifuniko.

3. INAVUJA WAPI?

Tairi linapopungua upepo, usikimbilie kulivua. Kwanza tafuta. Chukua maji katika kopo, tia sabuni, koroga mpaka yatoe povu.

(a) Mdomoni. Ondoa kifuniko, lowesha kidole kwa maji ya sabuni au hata kwa mate, na uweke utando juu ya mdomo wa valvu. Angalia kwa subira, usihesabu mbili ukaondoka. Utando ukivimba na kupasuka, pini inavuja. Ukikaa kimya, pini ni nzima.

(b) Shinani. Mwagia povu pale shina linapoingia kwenye ringi. Kisha lisukume taratibu kwa kidole huku na huku. Shina la mpira lililozeeka huweza kukaa kimya likiwa wima, lakini ukilisukuma nyufa zake hufunguka na kutoa mapovu. Gari linapokwenda kasi gurudumu hulivuta shina upande, kwa hiyo usiseme halivuji kwa sababu halivuji likisimama.

(c) Kwenye nati. Ikiwa shina ni la chuma, povu likitoka chini ya nati, ama nati imelegea ama pete ya mpira imekauka.

(d) Kwingineko. Mapovu yasipoonekana kwenye valvu, mwagia tairi lote: uso wake, ubavu wake, na ukingo unaokaa juu ya ringi. Huenda ni msumari, huenda ni kutu ya ringi. Hilo ni somo jingine.

Katika tairi lenye tyubu kuna alama moja ambayo dereva anaweza kuiona kila asubuhi bila kopo la sabuni. Angalia kama shina limesimama wima katika tundu lake. Likiwa limeinama upande mmoja, maana yake tairi limeteleza juu ya ringi na kuivuta tyubu. Hilo hutokea hasa tairi linapotembea na upepo mdogo. Ukiliacha, shina litang'oka kwenye tyubu, na hapo upepo hautatoka kidogokidogo bali wote kwa mara moja.

4. VALVU INAPOKWAMA

Kuvuja ni ugonjwa mmoja, kukwama ni mwingine. Valvu iliyokwama huonekana kwa njia tatu.

Mara nyingine upepo hauingii. Unapiga pampu, mpira wa pampu unakuwa mgumu, lakini tairi halijai. Pini haifunguki. Huenda ncha imepinda, huenda imejaa matope yaliyokauka, au mtu alitia ndani ya tairi gundi ya kuzibia pancha nayo ikaganda kwenye pini.

Mara nyingine upepo unaingia, lakini ukiondoa pampu unarudi kwa kelele. Pini imefunguka haikujifunga. Springi imechoka au ina kutu, au uchafu umeizuia.

Mara ya tatu ni kifuniko chenyewe. Vifuniko vya chuma, hasa vya alumini, huliwa na kutu na kushikana na shina la shaba. Mtu akija na koleo akakizungusha kwa nguvu zote, kifuniko kinatoka pamoja na shina. Ukikutana na kifuniko cha namna hiyo, tia tone la mafuta ya kulainishia kwa nje, ngoja, kisha shika shina kwa mkono mmoja lisizunguke na ufungue taratibu kwa mkono wa pili. Baada ya hapo futa mafuta yote na utafute kifuniko cha plastiki.

Ndugu wa gereji, angalieni pia kompresa yenu. Upepo unaobanwa hutoa maji, na maji hukaa chini ya tangi. Yasipofunguliwa kila siku, mnajaza tairi upepo pamoja na maji yenye kutu, na springi ya pini ndiyo inayoumia.

5. JINSI YA KUTENGENEZA

Tuanze na kazi nyepesi, twende kwenye nzito.

Kusafisha. Katika gari dogo, ikiwa pini inavuja kidogo na tairi bado lina upepo wa kutosha, bonyeza ncha kwa nukta moja, uachie, ubonyeze tena. Upepo unaotoka hupuliza vumbi. Uso wako uwe mbali na mdomo wa valvu. Kisha pima tena kwa povu. Mara nyingi ugonjwa unakwisha hapo. Ongeza upepo uliopungua, funga kifuniko. Usitie mafuta, grisi wala petroli ndani ya pini, maana vitu hivyo huharibu mpira wa kuzibia.

Kukaza. Pini huweza kulegea. Hukazwa kwa ufunguo wake mdogo, au kwa kifuniko cha chuma chenye pembe mbili juu. Kaza kwa nguvu ya vidole viwili tu. Ukikaza kwa nguvu ya mkono mzima unakata hesi au unaponda mpira, na utakuwa umezidisha ugonjwa.

Kubadilisha pini. Hapa ni lazima upepo wote utoke. Fuata mpango huu kwa gari dogo au pikapu:

Kwanza, simamisha gari pahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu mengine.

Pili, inua gurudumu kwa jeki mpaka uzito uondoke kwenye tairi. Ukilitoa upepo huku limebeba gari, tairi lisilo na tyubu litaachia ringi na hutaweza kulijaza kwa pampu ya mkono. Usiingize mwili wako chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Tatu, bonyeza ncha ya pini mpaka upepo wote utoke na kelele iishe. Ndipo uweke ufunguo. Wapo wanaofungua pini tairi likiwa limejaa ili wawahi kumaliza. Pini ya namna hiyo hutoka kama risasi, na jicho halina spea.

Nne, linganisha pini mpya na ya zamani. Ziko fupi na ziko ndefu. Magari mengi mapya yana kifaa cha kupima upepo kilichofungwa kwenye valvu ndani ya ringi. Hayo yanataka pini ya aina yake iliyopakwa nikeli, na shina lake lisishikwe kwa koleo.

Tano, futa mdomo wa shina kwa kitambaa safi, ingiza pini mpya, kaza kwa vidole, jaza upepo, pima kwa povu, funga kifuniko.

Kubadilisha shina. Shina lenye nyufa haliponi kwa gundi, wala kwa kufungwa mpira wa baiskeli, wala kwa waya. Hutolewa likatupwa. Katika tairi lisilo na tyubu, fundi hutoa upepo wote, huachanisha ukingo wa tairi na ringi, hukata shina la zamani, husugua kutu kwenye tundu mpaka chuma kiwe laini, hupaka shina jipya maji ya sabuni na kulivuta kwa chombo chake mpaka likae sawasawa. Katika tairi lenye tyubu, shina likianza kung'oka, tyubu yote hubadilishwa.

Shina la kawaida la mpira la gari dogo limetengenezwa kwa tundu la milimita 11.5, na kwa upepo usiozidi paundi 65. Tumeona pikapu za mizigo zinazojazwa upepo mwingi kuliko huo huku zimefungwa shina la gari dogo kwa sababu lilikuwa rahisi dukani. Pikapu ya namna hiyo inataka shina la chuma au lile lililotengenezwa kwa upepo mkubwa. Na kila tairi jipya linapofungwa, shina jipya la mpira nalo lifungwe. Bei ya shina hailingani hata kidogo na bei ya tairi.

Trekta. Matairi mengi ya trekta hutiwa maji ndani ili kuongeza uzito. Kabla ya kugusa pini, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, kisha utoe upepo. Usipofanya hivyo utaogeshwa maji machafu, na trekta litakuwa limepoteza uzito liliowekewa.

Kujaza. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, kabla gari halijatembea. Tairi lililotoka safari au lililokaa juani huonyesha paundi zaidi kwa sababu ya joto. Ukipunguza wakati huo, kesho litakuwa chini ya kiasi. Kiasi chenyewe kimeandikwa na watengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wake, usiichukue kuwa ndiyo ya kila siku.

6. MAMBO AMBAYO HAYAFANYWI

Ndugu, sehemu hii isomwe mara mbili.

Magurudumu mengi ya malori na matrela ya zamani yana ringi ya vipande, yaani ringi yenye pete ya chuma inayobana tairi. Upepo wake ni mwingi, paundi 90, 100 na zaidi. Pete ikiruka huua mtu, na si watu wachache walioangamia namna hiyo duniani. Marekani ilitoa kanuni maalumu juu ya ringi hizi mwaka 1980, na baadaye ikaongeza ringi za kipande kimoja. Kanuni hiyo inasema mfanyakazi afundishwe kwanza kabla ya kuzigusa. Inasema tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe kwenye valvu, na mtu asimame kando, si mbele ya gurudumu. Sisi tusio Marekani hatufungwi na kanuni hiyo, lakini chuma cha kwetu hakina huruma kuliko chuma cha kwao. Kwa hiyo tuishike:

Usilegeze nati za gurudumu la lori kabla ya kutoa upepo wote na kuvua pini. Kama magurudumu ni mawili pamoja, toa upepo wa yote mawili.

Usijaze upepo juu ya lori tairi lililotembea likiwa limelegea. Kanuni ile inasema tairi lililotembea na upepo wa asilimia 80 ya kiasi chake au chini ya hapo lisijazwe hivihivi. Yaani tairi la paundi 100 likikutwa na 80 au chini, litolewe upepo wote, livuliwe, likaguliwe ndani, ndipo lijazwe kizimbani. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha huvunjika nyuzi zake za ndani bila kuonekana kwa nje. Sisi tulilijaza lile la kwetu siku tisa, juu ya lori, tukiwa tumesimama mbele yake. Tulikuwa hatujafundishwa.

Usipige pete ya ringi kwa nyundo huku tairi lina upepo.

Usichomelee ringi yenye tairi juu yake, hata kama tairi halina upepo.

Usizibe valvu kwa kijiti, kwa karatasi ya nailoni wala kwa ubani uliotafunwa ili "ifike tu". Mara nyingi haifiki.

7. DAFTARI NI SPANA

Sasa turudi kwa yule dereva. Alijua tairi linapungua. Alisema ukweli. Lakini neno la mdomo hupeperuka, na aliye mkubwa kazini ndiye anayeaminiwa. Laiti angekuwa na daftari la shilingi chache, lenye tarehe, saa, nambari ya gari, tairi lipi, upepo uliokutwa, upepo uliojazwa, na jina la aliyeambiwa, asingekatwa mshahara kirahisi namna ile. Na huenda msimamizi, akiona maneno yake yanaandikwa, angeagiza tairi livuliwe siku ya pili.

Kila tawi lihakikishe gari lina daftari lake. Mistari kama hii inatosha: "Saa 12 asubuhi. Nyuma kushoto la ndani. Limekutwa paundi 70, linatakiwa 100. Nimemwambia msimamizi. Jibu: endesha." Msimamizi aombwe kutia sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na tanboi atie sahihi kama shahidi. Nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa chama.

Tena tujue tunasimama juu ya nini. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 155 wa usalama na afya kazini mwaka 1981. Mkataba huo unasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe bila haki. Unasema pia kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo pini, shina, geji ya upepo na kizimba ni gharama ya mwenye mali. Mkataba nambari 95 wa mwaka 1949 unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, na mapatano ya pamoja au uamuzi wa wasuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo.

Mkataba wa kimataifa huishika nchi iliyouridhia. Kwa hiyo muulizeni katibu wenu: nchi yetu imeridhia upi, na sheria yetu yenyewe inasemaje? Kwa mfano, Uganda ilitunga Sheria ya Ajira na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, zote mbili mwaka 2006. Someni pia mapatano yenu na mwajiri. Kama hayasemi neno juu ya magari yanayobeba wafanyakazi, basi mmepata jambo la kupeleka mezani mara ijayo.

Hatusemi kila tairi lililopungua ni sababu ya kugoma. Valvu yenye vumbi husafishwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, na mfanyakazi mwema huisafisha bila kusubiri amri. Tunachosema ni kwamba mtu asilazimishwe kubeba wenzake juu ya tairi ambalo yeye mwenyewe amesema ni bovu, kisha akatozwa fedha likipasuka.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Someni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kisha mjibu:

1. Katika magari na matrela yanayotubeba, ni valvu ngapi hazina kifuniko? Nendeni mkahesabu pamoja kabla ya mkutano ujao.

2. Nani katika kundi hili anaweza kuonyesha kwa kopo la sabuni tofauti kati ya pini inayovuja na shina linalovuja? Afundishe wengine wawili.

3. Gereji yetu ina geji ya upepo iliyo sahihi? Ina kizimba? Ina mpira mrefu wa kujazia? Kama haina, nani aliomba, na lini?

4. Je, kuna mwenzetu aliyekatwa mshahara kwa sababu ya tairi, taa au kioo? Alikatwa kwa kifungu gani cha sheria au cha mapatano?

5. Mchumaji aliyekaa nyuma ya lori akiona tairi limelegea, amwambie nani? Je, atasikilizwa?

Swali la tano msilipite haraka. Yule mama aliyevunjika mkono alituambia hospitalini kwamba asubuhi ile, alipokuwa anapanda, aliliona tairi la ndani limelala. Hakusema, kwa sababu alidhani mambo ya magari si ya wachumaji. Tangu siku hiyo sisi twasema ni ya wote wanaopanda.